Jibu: Klorini na asidi katika kontena moja? Usilipe kwanza!

Usilipe hiyo nauli, ssebo. Umeandika kwamba mapipa yako ya klorini ya unga yanajaza nusu tu ya kontena la futi 20 kutoka Mumbai, na kwamba wakala amekushauri ujaze nafasi iliyobaki kwa madumu ya asidi ya kusafishia vigae "ili usisafirishe hewa". Maneno hayo hayo ya hewa niliambiwa mimi katika ofisi moja hapa Kampala, nikajiona nimempata mtu mwenye akili ya biashara.

Klorini hiyo, ambayo wakemia huiita kalisi hipokloriti, iko katika daraja la 5.1 la bidhaa hatari, yaani vitu vinavyochochea moto, na asidi ya hidrokloriki iko katika daraja la 8, la vitu vinavyobabua. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo maana kanuni za IMDG za kusafirisha bidhaa hatari baharini, ambazo ni za lazima tangu 2004, zinataka vitu hivyo vitenganishwe, wala kuweka ubao katikati ya kontena hakuhesabiwi kuwa kutenganisha. Mimi niliweka ubao. Na fundi nikamlipa.

Kontena langu lilifunguliwa Mombasa, kwenye yadi ya ukaguzi, jua likiwa kali. Kabla mlango wa pili haujaachia, wapakuzi wawili waliokuwa mbele yangu walikwisha kurudi nyuma wakikohoa. Kifuniko cha dumu moja kilikuwa kimelegea, asidi ikapita chini ya ubao wangu wa thamani hadi kwenye pipa la kwanza la klorini, ambalo lebo yake ya njano ilikuwa imeliwa hadi ikabaki nusu ya mchoro wa moto. Shati langu la bluu lilitoka pale na madoa meupe. Mke wangu huliita shahada yangu ya kemia. Mabaharia walioleta mzigo huo hawakujua wamelala juu ya nini, kwa sababu hati zilisema "vifaa vya usafi".

Hizo hati ndizo zilizonimaliza. Nililipia kuteketezwa kwa mzigo wote, siku zote ambazo kontena lilikaa yadini, na faini ya wenye meli kwa tamko la uongo. Yule wakala, ambaye ndiye aliyechagua maneno "vifaa vya usafi" ili nauli ishuke, alinijibu kwa upole kwamba sahihi ni yangu. Kweli ni yangu: aliniletea karatasi huku akinimiminia chai, nami nikasifu chai.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, dai karatasi ya usalama ya kila kemikali, fungua sehemu ya 14, ile ya usafirishaji, usome namba ya UN, yaani namba ya tarakimu nne inayotambulisha bidhaa hatari. Klorini ya unga kwa kawaida utakuta 1748 au 2880. Asidi hiyo, 1789. Namba hizo ndizo ziandikwe kwenye tamko la shehena, na ndizo zitakazokuambia kwamba unahitaji makontena mawili. Usione ni ukali wa makarani: katika bandari hiyo hiyo ya Mumbai, tarehe 14 Aprili 1944, meli ya Fort Stikine iliyopakiwa vilipuzi na marobota ya pamba ilishika moto ikalipuka, ikaua mamia ya watu. Hata wenye machimbo ya mawe hawapakii baruti pamoja na detoneta zake, yaani vile vifaa vidogo vya kuilipulia.

Uliuliza pia kuhusu ushuru, bima, na kama upitie Malaba au uvuke ziwa kutoka Kisumu hadi Port Bell. Ziwani namba ni zile zile, na asidi haijali umepita njia gani. Mwandikie muuzaji wako leo, kisha tuwekee hapa hizo namba mbili tuzione kabla hujamjibu wakala.