Vimelea "wanawaingia" samaki au "vinawaingia" samaki?

Swali: Ninaandika mwongozo kuhusu vimelea wadogo mno wanaowadhuru samaki wa maji baridi. Katika rasimu niliandika: "Vimelea walipowaingia samaki walikuwa dhaifu, na wengi walikufa ndani ya siku mbili." Mwenzangu aliyeisoma alisahihisha mwanzo wa sentensi ukawa "Vimelea vilipowaingia samaki", kwa hoja kwamba nomino yenye ki- na vi- lazima ifuatwe na ki- na vi-. Je, ni nani aliye sahihi? Naomba pia kujua kama inafaa kuandika kwamba samaki "ameambukizwa na vimelea".

Jibu: Kwa upande wa kanuni, wewe ndiye uliye sahihi. Hata hivyo sahihisho la mwenzako lisipuuzwe, kwa sababu limegusa kasoro ya kweli iliyomo katika sentensi yako, ingawa hoja aliyoitoa siyo inayoieleza kasoro hiyo.

Hoja yake inavunjwa na mifano ambayo kila mzungumzaji anayo. Tunasema kiboko anaogelea, vipepeo wanaruka, kiwavi huyu anakula majani, viumbe hai wanaoishi majini. Nomino hizi zote zina umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa zinataja viumbe wenye uhai na mwendo, vitenzi, vivumishi na vionyeshi vyake hufuata upatanisho wa A-WA. Kimelea anayeogelea, anayejishikiza kwenye matamvua ya samaki, anayekula na kuzaana, hana sababu ya kutengwa na kundi hilo. Kwa hiyo andika "kimelea huyu anaishi", "vimelea wadogo", "vimelea wa samaki".

Nadhani kinachowapotosha wengi ni neno "vijidudu", ambalo huenda pamoja na vimelea katika maandishi ya afya. Kijidudu ni umbo la udogo la mdudu, na nomino ikiwekwa katika hali ya udogo ina haki ya kuchukua upatanisho wa KI-VI hata kama inataja kiumbe hai. Ndiyo maana "vijidudu vinavyosababisha ugonjwa" ni sentensi isiyo na dosari. Lakini ki- ya kimelea si ya udogo. Neno limetokana na kitenzi melea, yaani kumea juu ya kitu kingine, na kimelea angebaki kuwa kimelea hata kama angekuwa na urefu wa mita kadhaa, kama walivyo baadhi ya minyoo. Jambo moja tu linafaa kukumbukwa hapa: mmea unaoota juu ya mmea mwingine na kumfyonza mwenyeji wake nao huitwa kimelea, na huyo, kwa kuwa ni mmea, hupatanishwa kwa KI-VI. Upatanisho huamuliwa na kinachotajwa.

Huenda mtu akauliza kama viumbe unaowaandikia ni wanyama kweli. Ichthyophthirius multifiliis, anayesababisha ugonjwa wa madoa meupe, ni kiumbe wa seli moja, na wataalamu wa biolojia hawamweki katika milki ya wanyama. Kwa sarufi hilo halina uzito. Anaogelea kwa vinyweleo vilivyomzunguka mwili mzima, anatafuta samaki, anajipenyeza chini ya tabaka la nje la ngozi na kula humo. Mzungumzaji humwona ni kiumbe anayetenda, na hilo linatosha. Upatanisho ukisubiri uamuzi wa maabara hautatulia kamwe. Mfano mzuri ni Myxobolus cerebralis, ambaye huwashambulia trauti na salmoni wachanga kwenye gegedu, na kuwafanya waogelee kwa kuzungukazunguka. Kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na viumbe wa seli moja; leo inajulikana kwamba jamii yake ni wanyama halisi, walio na nasaba ya karibu na matumbawe. Aliyeandika "kimelea huyu" kabla ya ugunduzi huo hakuhitaji kubadili hata herufi moja.

Sasa nirudi kwenye kasoro niliyoitaja. Samaki ni wa A-WA, vimelea nao ni wa A-WA, na katika sentensi yako kila kiambishi kinaweza kuelekezwa upande wowote. Ni nani waliokuwa dhaifu? Ni nani waliokufa ndani ya siku mbili? Upatanisho wa mwenzako unaondoa utata huo mara moja, kwani "vilipowaingia" ni vimelea na "walikuwa dhaifu" ni samaki. Ninaelewa kwa nini ulimvutia, na katika mwongozo wa tiba utata huu si jambo dogo hata kidogo. Vimelea wachanga wa madoa meupe, walio bado majini, wasipompata samaki kwa muda wa siku mbili hivi kwa kawaida hufa. Wale waliokwisha kuingia chini ya ngozi hukingwa na ngozi hiyo, na dawa nyingi zinazotiwa majini haziwafikii. Msomaji akidhani kwamba waliodhoofika na kufa ni vimelea walio ndani ya samaki, ataacha tiba wakati ambapo inahitajika zaidi.

Hata hivyo, dawa ya utata ni kuipanga sentensi upya, na kanuni ya viumbe hai ikabaki mahali pake. Rudia nomino pale ambapo kiambishi hakitoshi: "Samaki walikuwa tayari dhaifu vimelea walipowaingia, na wengi kati ya samaki hao walikufa ndani ya siku mbili." Sentensi imerefuka kidogo, lakini hakuna atakayeisoma vibaya.

Njia nyingine ni kutaja hatua ya maisha ya kimelea, na hapa mada yako ina utajiri ambao waandishi wengi hawautumii. Anayekua ndani ya ngozi huitwa trofonti. Huyo ndiye anayeonekana kama doa jeupe, kwani anaweza kufikia milimita 1. Akishakomaa hutoka, hujishikiza kwenye kitu kilicho majini na kujizungushia kifuko, kisha hugawanyika humo mara nyingi. Kifuko kikipasuka, theronti, yaani vimelea wachanga, kwa mamia hutoka na kuanza kuwatafuta samaki. Angalia upatanisho ulivyobadilika: kifuko kinapasuka, theronti wanatoka. Kifuko ni kitu, na aliyemo ndani yake hawezi kukipa upatanisho wake. Vivyo hivyo utaandika kwamba mayai ya Dactylogyrus, kimelea wa matamvua ya samaki, yanaanguliwa, na spora za Myxobolus zinamezwa na mnyoo wa matopeni ambaye kimelea huyo humhitaji kabla ya kumrudia samaki.

Siwezi kukana kwamba upatanisho wa KI-VI umeenea katika maandishi, na "vimelea vya malaria" limezoeleka kiasi kwamba sitamlazimisha mtu kulibadili. Chapisho likiamua kuufuata, liufuate mwanzo hadi mwisho. Kisichokubalika ni "vimelea hivi wanaogelea", ambapo kionyeshi kimekwenda njia moja na kitenzi njia nyingine.

Kuhusu "ameambukizwa na vimelea", ningekushauri uiache. Katika kauli ya kutendwa, "na" humtambulisha mtenda, na anayeambukiza ni yule anayempa mwingine maradhi: samaki huyu ameambukizwa ugonjwa na samaki mgeni. Vimelea hushambulia, huingia, hujishikiza. Andika "ameshambuliwa na vimelea", "ameingiwa na vimelea", au kwa wepisi kabisa, "ana vimelea".

Katika rasimu yako angalia pia kwamba chombo cha kuwatazamia viumbe hawa ni hadubini. Darubini ni ya kutazamia vilivyo mbali. Na uwe mwangalifu na "maji baridi". Kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi limekubalika, lakini katika mada hii halijoto nayo ina maana kubwa: kwenye maji ya nyuzi 25 za Selsiasi hivi, mzunguko mzima wa kimelea wa madoa meupe unaweza kumalizika ndani ya wiki moja, ilhali chini ya nyuzi 10 unaweza kupita mwezi. Ukiandika "vimelea hawa hukua polepole katika maji baridi", msomaji atadhani unalinganisha mito na bahari. Katika sentensi za namna hiyo, taja nyuzi zenyewe, au andika "maji yenye ubaridi".