Swali la Lugha: Sauti Nene Isiitwe "ya Chini"

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Ninaandaa maelezo ya Kiswahili kwa wenzangu wanaopenda kutazama filamu nyumbani kwa mitambo mikubwa ya sauti. Maelezo hayo yanaonyesha kwa michoro kila filamu ina besi ya namna gani na inafika hezi ngapi, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde. Niliandika: "Filamu hii ina sauti ya chini sana, hivyo inahitaji sabufa yenye nguvu." Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa nini asiongeze tu sauti kwa rimoti. Je, niandike "sauti ya chini", "masafa ya chini", "sauti nzito" au "besi"? Na je, "sabufa" ni Kiswahili?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Mwenzako hakukukejeli. Alisoma Kiswahili ulichomwandikia, na Kiswahili hicho kilimwambia kwamba filamu ile haisikiki vizuri. Swali lako nimelipokea kwa furaha isiyo ya kiungwana, kwa kuwa hilo "ya chini" limekuwa likinikera tangu zamani, na nilikuwa nikitafuta mtu wa kunipa sababu ya kulisema.

Mtazame mama anayemwambia mwanawe mchana wa jua kali, "Zungumza kwa sauti ya chini, baba yako amelala." Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili atanong'ona. Sasa tumpe mtoto huyo Kiswahili chako. Atavuta pumzi mpaka tumboni, atakaza koo na kutoa mngurumo mnene kadiri kifua chake kinavyoweza, vikombe vitagongana kabatini, baba ataruka kitandani akidhani ardhi imetikisika (nasi wa Dodoma, tulio jirani na Bonde la Ufa, hatuhitaji kufundishwa tetemeko ni nini), na mama atakapoinua mwiko, mtoto atajitetea kwamba alitii, kwa maana sauti aliyotoa ilikuwa ya chini kuliko zote alizo nazo. Kesho yake mwalimu atamwambia asome kwa sauti ya juu ili walioketi nyuma wasikie, naye atasoma kwa sauti nyembamba kama ya filimbi, taratibu, na walioketi nyuma hawatasikia neno. Ataadhibiwa mara mbili kwa kosa ambalo si lake.

Katika lugha yetu, juu na chini ya sauti ni habari ya nguvu: sauti inapazwa, inapunguzwa, inashushwa ili jirani asisikie. Habari ya besi tumeipa maneno mengine kabisa, ambayo ni unene, wembamba na uzito. Kijana akibalehe tunasema sauti yake imekuwa nzito. Sijapata kusikia mzazi akijisifu kwamba sauti ya mwanawe imekuwa ya chini. Mwanamke mwenye sauti nyembamba anaweza kuitumia kwa kelele ya kuamsha mtaa mzima, na mzee mwenye sauti nene anaweza kuitumia kunong'ona. Lugha inayotenganisha mambo hayo mawili kwa urahisi namna hiyo haina sababu ya kuyachanganya kwa sababu tu lugha nyingine imeyachanganya. "Besi" tumeipokea kutoka Kiingereza, nacho kilitazama Kiitaliano, ambamo neno hilo lina maana ya chini. Lakini "baritoni", neno la wanakwaya wetu, linatokana na Kigiriki, na sehemu yake ya kwanza ni neno la Kigiriki lenye maana ya "nzito". Wagiriki walikuwa upande wetu.

Maumbile nayo yanakukatalia. Sikio zima la kijana husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde, lakini halisikii yote kwa wepesi mmoja. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwa vipimo jinsi sikio lilivyo zito kwa besi: mlio wa hezi 1,000 husikika ukiwa na desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) chache mno, ilhali mlio wa hezi 20 unahitaji karibu desibeli 80 ndipo sikio lianze kuutambua kwamba upo. Waandaaji wa filamu wanalijua jambo hilo. Katika ukumbi uliopimwa kwa kiwango chao, kila chaneli ya kawaida inaweza kufika kilele cha desibeli 105, na chaneli ya besi, ile inayoandikwa "nukta moja" katika jina la mfumo wa spika wa "tano nukta moja" (5.1), imeruhusiwa kufika 115. Kwa hiyo sauti unayoiita ya chini ndiyo iliyopewa ruhusa ya kuwa juu kuliko zote. Ukitaka kuendelea kuandika hivyo, utalazimika siku moja kuandika kwamba "sauti ya chini ya filamu hii iko juu mno", na siku hiyo tafadhali usinitumie nakala.

Naona kinachokusukuma. Ni ugonjwa ulioenea, na wewe umeambukizwa tu. Kila jambo lililopungua sasa ni "la chini". Taa hafifu ni mwanga wa chini, gari linalojikongoja lina kasi ya chini, baridi ya Julai inayowafanya watu wa Dodoma wavae makoti asubuhi imekuwa joto la chini, na kitambaa duni ni cha ubora wa chini. Hafifu, duni, haba, pole, dhaifu, nene, nzito: maneno hayo yote yamewekwa likizo bila malipo ili neno moja lifanye kazi zao zote. Linazifanya vibaya.

Kuna watakaonipinga, na wana hoja. Mwalimu wa kwaya huwaambia waimbaji wake "mmeshuka" akiwa na maana kwamba wameacha noti, hata kama wanaimba kwa nguvu ya kupasua dari. Wanaisimu nao, wanapochambua lugha za Kibantu zenye toni, huandika "toni juu" na "toni chini" bila kumkosea mtu. Nakubali yote mawili. Ila mwalimu wa kwaya anazungumza na watu wenye noti masikioni, na wanaisimu wamelifunga neno lao kwenye toni na kidatu, yaani unene au wembamba wa mlio, hawakulifunga kwenye "sauti". Ukiandika "kidatu cha chini", nitanyamaza. Ukiandika "besi inashuka hadi hezi 15", nitanyamaza pia, kwa sababu kinachoshuka hapo ni tarakimu, na tarakimu hushuka kihalali. Vivyo hivyo kwa filamu ambayo waandaaji wake wameikata besi yote iliyo chini ya hezi 30, jambo ambalo wapenzi wa mitambo hii hulilalamikia kana kwamba wameibiwa mbuzi.

"Masafa ya chini" ni shauri jingine. Neno hili ni la Kiarabu, lenye maana ya umbali, na bado tunalo hivyo katika mbio za masafa marefu. Redio ilipotufikia, watangazaji walisema "masafa mafupi" na "masafa ya kati", wakiwa na maana ya urefu wa wimbi. Baadaye zikaja stesheni za FM, na neno lilelile likaanza kutajwa pamoja na tarakimu ya mitetemo. Tatizo ni kwamba mambo hayo mawili yanapingana: kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo mitetemo inavyozidi kuwa mingi. Wimbi la sauti la hezi 20 lina urefu wa mita 17 hivi hewani, likishinda kwa mbali sebule zetu nyingi. Basi kwa mzee wa redio ya mbao hayo ni masafa marefu, na kwa mtangazaji wa leo ni masafa ya chini, nao wote wawili wana haki. Kwenye mchoro andika "hezi", jina tulilolipata kwa mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz, na katika maelezo andika "mitetemo michache kwa sekunde". Maneno yanaongezeka kidogo, ugomvi unapungua sana.

Kwa matumizi ya kawaida, andika "besi", na ukitaka kuisifia, "besi nzito". Sentensi yako iwe: "Filamu hii ina besi nzito inayoshuka hadi hezi 20, hivyo inahitaji sabufa yenye nguvu." Lakini kama unachambua filamu kwa dhati, usiishie kwenye besi. Ninashangaa kwamba mtu mwenye michoro mikononi anahangaika na "ya chini" ilhali Kiswahili kimempa kishindo, mngurumo, mvumo na mrindimo, maneno manne ambayo kila moja lina picha yake.

Chukua mchoro wa rangi, ule ambao muda unakwenda kulia na hezi zinapanda juu. Bomu likilipuka, utaona mstari uliosimama wima: sauti fupi hutawanyika katika hezi nyingi kwa wakati mmoja. Hicho ni kishindo. Chombo kikubwa cha angani kikipita juu ya kamera kwa nusu dakika, utaona utepe mpana uliolala, nao ni mngurumo. Mashine ikisimama mahali pamoja ikitoa mlio mmoja usiobadilika, utaona uzi mwembamba uliolala: mvumo. Ngoma zikipigwa, mistari ya wima itafuatana kwa mpangilio, na huo ni mrindimo, ambao aliyewahi kusimama karibu na wanawake wa Kigogo wakipiga muheme hahitaji kuelezwa, kwa kuwa ameupokea kifuani kabla ya masikioni. Katika mchoro wa aina ya pili, wenye mstari wa kilele na mstari wa wastani, maneno hayo yanakusaidia tena: kishindo hupandisha kilele na kuuacha wastani ukiwa umelala, mngurumo huinua yote mawili. Filamu mbili zinaweza kuwa na kilele kilekile, moja ikawa ya vishindo vitatu kwa saa mbili na nyingine ya mngurumo usiokwisha, na msomaji wako aliyeambiwa tu kwamba zote zina "sauti ya chini sana" atanunua isiyomfaa.

Hata wenye sinema walijua tofauti hiyo. Mwaka 1974 kampuni ya Universal ilipoweka mfumo wa Sensurround katika kumbi za Marekani kwa ajili ya filamu ya tetemeko la ardhi, walichotafuta kilikuwa mngurumo wa kutikisa viti, mwingine ukiwa chini ya mitetemo ambayo sikio linaweza kuitambua. Huko chini ya hezi 20, neno "sauti" lenyewe linaanza kulegea. Andika "mtetemo", maana kinachoupokea ni ngozi, kiti na kioo cha dirisha.

Nikuongezee tofauti moja ya maneno ambayo sikuiona katika barua yako. Mchoro uliotokana na mawimbi yaliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, chaneli zote zikiwa zimejumlishwa, unaonyesha besi ya filamu. Mchoro uliotokana na maikrofoni iliyowekwa kwenye kochi unaonyesha besi ya sebule. Chumba chenye urefu wa mita 5 huikuza besi ya karibu hezi 34 kwenye kuta zake za mwisho na kuimeza katikati, kiasi kwamba aliyeketi katikati anaweza kuilaumu filamu kwa kosa la aliyejenga nyumba. Andika "besi ya filamu" au "besi ya sebule" waziwazi, usiandike "besi" peke yake ukaacha wasomaji wagombane.

Sabufa je? Ni Kiswahili, na ni Kiswahili kizuri. Limekubali irabu zetu, limeingia katika ngeli ya I-/ZI- bila kelele (sabufa hii, sabufa hizi, "masabufa" waachie wanaojigamba), na linaeleweka kutoka Kibaigwa hadi Manyoni. Huko lilikotoka, spika ya besi ilipewa jina la mbweko wa mbwa, na ile ya besi nzito zaidi ikaongezewa kiambishi chenye maana ya chini. Kwa hiyo "chini" imo ndani ya sabufa, imezikwa huko, haimdhuru mtu. Kinachonichosha ni kwamba Watanzania tumeamua kuliita sabufa furushi zima, pamoja na spika ndogo, redio na waya zake, hata boksi moja la besi likakosa jina la kwake. Ungedhani hapo maelewano yangekwama. Katika duka moja la hapa mjini nilimsikia fundi akimwambia mteja, "Sabufa yako ni nzima, ila sabufa yake ndiyo iliyoungua," na mteja akaelewa, akauliza bei, akalipa.