Tuanzie kwenye behewa la mizigo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: uchumi unapoyumba na dola kuadimika, Tanzania ijenge kiwanda chake cha vichwa vya treni na mabehewa, au iendelee kununua nje? Jibu langu ni kwamba tuunde wenyewe, lakini tuanze na behewa la mizigo, tena kwenye karakana tulizonazo. Kichwa cha umeme kisubiri.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa reli, upande wa magurudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana karakanani. Gurudumu la treni likitumika sana, ukingo wake hukonda na pale linapokanyaga reli hubonyea. Ukilipuuza, behewa litaacha njia. Basi lilipandishwa kwenye mashine ya kukereza pamoja na ekseli yake, kisu kikala chuma taratibu, na chuma kikadondoka kimejikunja kama ganda la chungwa, cha moto bado, rangi yake buluu. Baba alipima, akakereza kidogo, akapima tena. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna, kwa hiyo kila gurudumu lilitunzwa hadi mwisho wa uhai wake. Vipande vya breki walivimimina palepale: umbo la mbao, mchanga, chuma chakavu kilichoyeyushwa. Dhiki ndiyo iliyowafundisha wazee wale kazi, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kiwanda kisubiri uchumi utulie.

Behewa la mizigo si muujiza. Ni fremu ya chuma, sakafu na kuta, bogi mbili (yale matoroli ya magurudumu yanayolibeba behewa), breki za hewa na viunganishio. Sehemu kubwa ya kazi ni kukata, kukunja na kuchomelea, na wachomeleaji hodari tunao. Magurudumu mapya, beringi na vali za breki tutaendelea kuagiza kwa miaka mingi, na hata mabamba ya chuma, maana chuma cha Liganga bado kimo mlimani. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuahidi kwamba dola zote zitabaki nyumbani. Kitakachobaki ni mishahara, ufundi, na uwezo wa kulirudisha behewa njiani bila kumngoja mtaalamu ashuke kwenye ndege.

Sasa tazameni hesabu. Kwa ajili ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, tuliagiza vichwa vya umeme 17 na seti 10 za mchongoko, yaani treni za abiria za umeme zisizohitaji kichwa, kutoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mabehewa ya mizigo tuliagiza 1,430, kutoka CRRC ya China. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa vichwa 17. Kitamaliza oda, mafundi watakaa bure, wazuri wataondoka, na oda nyingine ikija miaka 15 baadaye tutaanza upya na vijana wasiojua kitu. Mabehewa 1,430 ni kazi ya miaka kadhaa, na kabla ya la mwisho kutoka, la kwanza limesharudi kwa matengenezo.

Afrika Kusini walilielewa hili. Kiwanda cha Gibela pale Dunnottar, mashariki ya Johannesburg, kilifunguliwa mwaka 2018 kikiwa na oda ya treni 600 za abiria mkononi. Treni 20 za kwanza ziliundwa Brazil, ndipo kazi ikahamia nyumbani. Na uchumi wao wakati ule haukuwa mzuri hata kidogo. Kilichokisimamisha kiwanda ni oda moja ndefu, iliyotiwa saini kabla jengo halijasimama.

Sisi tuna jambo linaloniuma. Wakati wa ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Wachina walijenga karakana Mang'ula, bonde la Kilombero, kwa mahitaji ya reli hiyo. Baadaye ikawa kiwanda cha taifa cha mashine na vipuri. Ubinafsishaji ulipopita, kikanyamaza. Tulikuwa na mbegu kando ya njia ya reli yenyewe, tukaiacha ikauka. Lakini karakana ya Mbeya ya TAZARA ipo, na ya Morogoro ipo, ambako vichwa chakavu vya reli ya kati vimewahi kuvuliwa vyote na kuundwa upya kwa injini mpya. Fundi anayeweza kazi hiyo, behewa halimshindi.

Kikwazo kikubwa naona kipo kwenye mikopo. Mwenye fedha mara nyingi hukopesha ili kiwanda cha kwao kipate kazi, na nchi iliyobanwa haina nguvu ya kukataa. Hata hivyo kuomba inaweza: robo ya mabehewa yaje vipandevipande na kuunganishwa Morogoro, michoro ibaki kwetu, na mafundi wetu wakae kiwandani kwao toka behewa la kwanza hadi la mwisho, si wiki mbili za kupiga picha. Uganda, Rwanda na Burundi nao watahitaji mabehewa ya kipimo hichohicho cha SGR.

Zabuni ijayo ya mabehewa ikitangazwa, bei nitaisoma baadaye. Kwanza nitatafuta ni mangapi yataunganishwa hapa, na vijana wangapi kutoka vyuo vya ufundi vya VETA watakuwa wamesimama pembeni ya bogi la kwanza.