"Imeweza" ya Nini?

Msomaji wa Kondele, Kisumu, anauliza: "Redioni nasikia 'Mahakama ya Rufaa imeweza kuagiza', siku nyingine 'imeweza kuamuru', ofisa wa kaunti kulipa deni. Lipi sahihi, kuagiza au kuamuru?"

Yote mawili ni sahihi. Amuru limetoka Kiarabu na lina ukali wa kushurutisha. Agiza ni pana, hata chai huagizwa. Kwa amri ya korti mimi huchagua amuru. Kinachonikera ni hilo "imeweza", nawe msomaji umelipita kana kwamba halipo.

Kuweza ni kuwa na uwezo, au kufaulu baada ya taabu. Mtoto ameweza kutembea. Fundi ameweza kuiwasha pikipiki iliyogoma. Lakini watangazaji wetu wamelifanya pambo la kila sentensi: waziri ameweza kuwasili Nakuru, mvua imeweza kunyesha, watu watatu wameweza kufariki. Kufariki nako kunahitaji uwezo gani?

Katika habari za korti pambo hili linaharibu maana kabisa. Nilikuwa soko la Kibuye, mama akinipimia omena, redio ikasema: "Mahakama ya Rufaa imeweza kumwamuru ofisa kulipa." Mama akasita, gorogoro mkononi, akaniuliza: "Kwani mwanzo ilikuwa haiwezi?"

Swali lake lilikuwa zito, kwa sababu katika kesi za aina hii uwezo ndio unaobishaniwa. Ombi la kumshurutisha ofisa wa serikali halianzii Mahakama ya Rufaa. Huanzia Mahakama Kuu, kisha likafika juu kwa rufaa. Wanasheria huiita amri hiyo mandamus, Kilatini cha "tunaamuru". Mwaka 1997, katika kesi iliyohusu Baraza la Mitihani la Kenya, Mahakama ya Rufaa yenyewe ilieleza mipaka ya amri hiyo: ofisa hushurutishwa kutimiza wajibu aliowekewa na sheria, lakini sheria ikimwachia hiari ya namna ya kuutimiza, korti haimchagulii namna. Na katika madeni, sheria hairuhusu dalali kukamata mali ya serikali jinsi anavyokamata ng'ombe wa mkulima, ndiyo maana mdai aliyeshinda kesi hulazimika kurudi kortini kuomba ofisa anayesimamia malipo aamriwe kulipa. Mtu amesubiri pesa zake miaka. Anastahili kuambiwa waziwazi kama korti imeamuru, inaweza kuamuru, au haiwezi. "Imeweza kuamuru" inamwacha njia panda.

Kwenye gumzo la matatu nitavumilia. Mtu anayetafuta neno hushika lililo karibu. Ila kwa mtu anayesoma habari iliyoandikwa, akiwa amepata nafasi ya kuipitia, sivumilii hata kidogo.

Basi andika: "Mahakama ya Rufaa imemwamuru ofisa wa kaunti alipe deni." Alipe, si kulipa, hiyo e ya mwisho ndiyo inayobeba amri, na inapendeza zaidi. Na ikiwa majaji wa rufaa walikubaliana tu na Mahakama Kuu, kama inavyotokea mara nyingi, usiseme wameamuru. Sema wamedumisha amri ya Mahakama Kuu.