Naweza kushusha injini ya pikipiki mwenyewe nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125, injini ya aina ya CG. Gia ya pili inaruka nikipandisha mlima na abiria, na fundi wa huku kwetu anasema lazima injini ishushwe. Mjini wanataka hela ya kushusha na kupandisha mbali na ya kufungua. Je, naweza kuishusha nyumbani nikawapelekea injini tu? Nina spana za kawaida na mdogo wangu wa kunisaidia.

JIBU: Marahaba. Unaweza, na fundi wako hajakudanganya. Kwenye CG, klachi, sumaku, hata pistoni na ringi vinafikiwa injini ikiwa palepale kwenye fremu. Ukiambiwa ushushe injini kwa ajili ya ringi, uliza mara mbili. Gia inayoruka ni habari nyingine. Mara nyingi meno ya ubavuni mwa gia yamelika au uma unaozisukuma umepinda, na huko hufiki bila kupasua krenkesi, yaani ganda la chini la injini.

Kabla hujashika spana, piga picha kwa simu: waya zinakopita, kebo ya klachi, mpira wa kupumulia. Andika pia namba ya injini iliyogongwa kwenye krenkesi uilinganishe na kadi ya pikipiki. Injini inakwenda kulala kwa watu, irudi ileile.

Tumia stendi ya kati. Kwenye nyingi, stendi ya pembeni imeshikwa na bomba la kukanyagia lililofungwa chini ya injini, na bomba hilo litatoka. Mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu. Chomoa betri ukianza na hasi, kisha tangi, kabureta, kebo ya klachi, waya wa plagi na soketi za waya zinazotoka kwenye injini. Tundu la injini linalobaki wazi ukishatoa kabureta lizibe kwa kitambaa safi.

Wengi hukwama kwenye ekzosi na sproketi ya mbele. Nati za ekzosi zina kutu. Zimwagie dizeli tangu jana yake. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, uende hivyo mbele na nyuma. Stadi (msumari wa nyuzi unaoshika nati) ikikatikia kwenye kichwa cha alumini, hela uliyotaka kuokoa inaishia kwenye kuchimba na kukata nyuzi upya. Bolti mbili ndogo za sproketi zilegeze cheni ikiwa bado imevaa, mdogo wako amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni, sproketi itazunguka bure.

Injini inapita kilo 20. Weka kreti ya soda na vipande vya mbao chini yake mpaka viiguse, ndipo uchomoe bolti za kuishikilia. Muitoe wawili.

Kupandisha ndiko kunakotaka subira. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, nati zikae legelege, ndipo uanze kukaza. Ukikaza za mbele kabla za nyuma hazijaingia, matundu hayatakutana na utatafuta nyundo. Achana nayo, inua injini kidogo kwa ubao mpaka bolti ipite kwa kusukumwa na kidole. Wakati wa kukaza, spana ya kawaida inatosha, usiiongeze bomba kurefusha mpini.

Waya wa ethi ukae kwenye chuma cheupe, bila rangi wala kutu. Ukiusahau, stata haitazungusha na utalaumu betri. Gasketi ya duara ya ekzosi nunua mpya, pamoja na oringi ya kabureta: ikivuta hewa, injini inapanda mlio yenyewe hujagusa akseli. Klipu ya cheni, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokwenda.

Ukishajaza oili, kumbuka ya CG hupimwa kijiti kikiwa hakijafungwa. Kifute, kitumbukize tu bila kukizungusha, ukisome. Kisha toa plagi, piga kiki mara kadhaa oili ipande, rudisha plagi, washa. Iache ingurume taratibu dakika chache huku ukichungulia kama kuna panapovuja. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, injini ikishapoa kabisa, pitia tena bolti zote za kuishikilia pamoja na nati za ekzosi.