Watoto wa nguruwe wakidhoofika, anza na mama yao

Ndugu unayeanza kufuga, hesabu ya mimba utaambiwa na kila mtu: miezi 3, wiki 3 na siku 3. Banda liwe limeoshwa na kukauka, nyasi kavu zimetandikwa, mama ameoshwa matiti. Ninachotaka ukishike zaidi ni siku 3 za kwanza baada ya kuzaa.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa hana kinga. Kondo la nguruwe haliipitishi; ataipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake huipokea kwa saa 24 hivi, tena kila saa ikipita uwezo huo unapungua. Mfute, mpeleke kwenye chuchu. Wale wadogo washikilie mwenyewe kwenye chuchu za mbele, ndizo huwa na maziwa mengi. Sisi wa Mbeya, usiku wa Julai, mtoto akipigwa na baridi hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupoa. Yeye anataka nyuzi 32 hadi 34, joto ambalo mama anahema tu asile. Watengee watoto kona yao yenye taa.

Uzao wangu wa pili walizaliwa 11. Siku iliyofuata wakaanza kulia na kuharisha, nikakimbilia dawa za watoto. Mama alikuwa amelalia tumbo, chakula cha asubuhi hakijaguswa, nikadhani ni uchovu wa kuzaa. Siku ya tatu walibaki 5. Daktari wa mifugo alipofika hakuwagusa watoto kwanza. Alimpima mama joto: 40.6. Akanishika mkono akauweka kwenye kiwele. Kilikuwa cha moto na kigumu kama ubao. Akamchoma antibiotiki, dawa ya homa na oksitosini ya kushusha maziwa. Wale 5 walipona kwa kuwa mama alitibiwa.

Tangu hapo napima joto asubuhi na jioni kwa siku hizo 3. Likifika 40, napiga simu. Naangalia na kinyesi: kikiwa vidonge vikavu, naongeza pumba na maji, kwa sababu mama aliyefunga choo hukaribia sana homa hiyo. Na maji usiyabane hata kidogo. Anayenyonyesha hunywa lita 20 na zaidi kwa siku. Bomba likidondoka matone, hupunguza kula, na maziwa yanapungua. Sindano ya madini ya chuma wachome watoto siku ya tatu, maziwa pekee hayawatoshi.

Halafu jifunze kusikiliza. Mama huita kwa mguno, karibu kila saa. Mguno ukienda mbio ndipo maziwa yanashuka, kwa sekunde 20 hivi. Walioshiba hulala wamebanana. Waliokosa huendelea kusukuma chuchu na kugombana hadi magoti yanachubuka. Ukisikia ugomvi huo usiku, usingoje kuche. Washa tochi, uguse kiwele.