Moyo wa printa bado haupandikizwi

Dada, umeuliza kama moyo uliochapishwa kwa printa ya 3D, yaani mashine inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, unaweza kupandikizwa kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo. Hapana, bado. Ule wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, uliotangazwa Aprili 2019, ulitengenezwa kwa chembe hai za binadamu, lakini ulikuwa mdogo kama wa sungura na haukuweza kusukuma damu.

Ila usikate tamaa. Printa hizo zinawafaa watoto hao kwa njia nyingine, na kwangu mimi hiyo ndiyo yenye thamani leo. Picha za CT au MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, za mtoto mwenyewe hugeuzwa kuwa mfano wa moyo wake, mgumu au laini kama mpira. Chukua kasoro ambayo mishipa yote miwili mikubwa, aota unaopeleka damu mwilini na ule wa mapafu, inatoka chumba cha chini cha kulia cha moyo. Daktari mpasuaji anataka kujua: je, kiraka kitaweza kuelekeza damu kutoka kwenye tundu lililo kati ya vyumba hadi kwenye aota, bila kuziba njia nyingine? Akiushika mfano mkononi, akaukata na kuchungulia ndani, anaingia kupasua akiwa ameshaifahamu njia. Wazazi nao wanaelewa wanachotilia sahihi.

Kwa watu wazima, mfano husaidia kujaribu neli itakayowekwa ndani ya aota iliyovimba, ili kuona kama matundu ya neli hiyo yanalingana na midomo ya mishipa ya figo.